Sare Isiyosawazisha

Neno sare lina kazi mbili katika Kiswahili cha kila siku. Uwanjani, timu mbili zikifungana mabao sawa, husemwa kuwa zimetoka sare. Shuleni, jeshini na katika sherehe, watu waliovaa nguo za namna moja husemwa kuwa wamevaa sare. Kazi zote mbili zina roho moja, nayo ni usawa: hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, hakuna aliye juu wala aliye chini. Basi ni ajabu kubwa kuwa kitu chenye jina jema kama hili, kinapoingia katika harusi za mijini siku hizi, hutenda kinyume cha jina lake. Huingia kwa jina la usawa kikawapanga watu kwa mifuko yao. Huitwa umoja kikawatenga ndugu. Jambo hili lastahili kuhojiwa, tena kwa ukali, maana limekwisha kuzoewa, na ubaya uliozoewa una kinga kubwa kuliko ubaya mpya.

Desturi yenyewe yajulikana kwa kila aliyepata kuketi katika kamati ya harusi, iwe Dar es Salaam au Mwanza, Arusha au Dodoma. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, kamati huundwa ikapata mwenyekiti, katibu na mhazini. Kadi za mchango hupelekwa kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzi, na ahadi ya kila mmoja huandikwa. Mpaka hapo hakuna lawama. Kuchangiana ni wema wa kale, na harusi nyingi zisingalisimama bila ya wema huo. Lakini baada ya mchango huja tangazo la pili: rangi zimechaguliwa. Wasindikizaji watavaa rangi hii, mashangazi rangi ile, wanakamati nyingine, na marafiki wa bibi harusi nyingine tena. Kitambaa kimekwisha kuonwa katika duka fulani la Kariakoo, na fundi amekwisha kutajwa. Anayetaka kuhesabiwa kuwa mtu wa harusi na alipe kabla ya tarehe iliyowekwa.

Tena sherehe si moja. Kuna siku ya kumfunda mwali, kuna siku ya kumuaga binti kwao, kisha kuna harusi yenyewe. Na kila siku ina rangi yake, kwa kuwa nguo iliyokwisha kupigwa picha huhesabiwa kuwa imechakaa, hata kama haijaoshwa mara moja. Kwa hiyo mwanamke mmoja, kwa harusi moja, aweza kudaiwa nguo tatu. Akiwa na ukoo mpana, na mwaka ukaleta harusi nne, hizo ni nguo 12, kila moja na kitambaa chake na ujira wa mshono wake, mbali na mchango, mbali na zawadi, mbali na nauli. Aghalabu nguo hizo hazina kazi nyingine. Haziendi sokoni, haziendi shambani, haziendi ofisini. Na haziendi katika harusi ya pili, kwa sababu harusi ya pili ina rangi nyingine. Hukunjwa, zikawekwa chini ya sanduku, na mwenye nazo hubaki na deni lenye rangi nzuri.

Hata hivyo, anayelipa gharama kubwa kuliko wote si yule anayetoa fedha. Ni yule asiyekuwa nazo. Na afikiriwe shangazi mmoja wa kijijini, wa aina ipatikanayo katika kila ukoo. Bibi harusi alipokuwa mtoto, shangazi huyu alimbeba mgongoni, akamlisha uji, akamkesha katika homa. Habari za rangi zilimfikia zimechelewa, au zilimfikia mapema zikamkuta hana kitu. Ameuza kuku wake apate nauli. Amekuja na kanga yake iliyo bora, doti aliyoihifadhi kwa siku kama hii. Mlangoni mwa ukumbi anakuta mashangazi wenzake wamejipanga wote katika rangi ya damu ya mzee. Mshereheshaji anawaita mashangazi waingie wakicheza. Wanaingia wanane. Wa tisa anabaki ukutani, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Zamu ya picha inapofika, mpiga picha, kwa adabu kabisa, anamwomba mama yule mwenye kanga asogee kidogo pembeni, ili rangi zisiharibike.

Hapana aliyemtukana. Hapana aliyemfukuza. Pengine hapana hata mmoja aliyeona kuwa jambo limetendeka. Walakini, miaka 20 baadaye, mtoto wa ndoa hiyo atatazama picha za harusi ya wazazi wake, atahesabu mashangazi wanane, naye hatajua kamwe kuwa walikuwa tisa. Hiyo ndiyo kazi ya sare isiyosawazisha. Humfuta mtu bila ya kumgusa.

Watetezi wa desturi hii wana hoja nne, na haki ni kuisikiliza kila moja kabla ya kuijibu.

Hoja ya kwanza ni ya mila. Husemwa kuwa watu wa nchi hizi wamevaa sare katika furaha zao tangu zamani, na anayepinga sare anapinga asili yake. Ni kweli kuwa pwani imejua sare kwa muda mrefu. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza habari za vyama vya lelemama, ambavyo viliwapa wanawake wa asili mbalimbali mahali pa kukutana, kucheza na kusaidiana. Terence Ranger, katika kitabu cha mwaka 1975, ameeleza habari za ngoma ya beni, na jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana kwa mavazi, vyeo na gwaride. Lakini mtu akisoma habari hizo kwa makini, ataona mambo mawili yasiyowafaa watetezi wa leo. Kwanza, wale walikuwa watu wa chama. Walikuwa na viongozi na wanachama. Waliijua siku ya furaha na siku ya msiba pamoja. Sare yao ilikuwa tunda la udugu uliokwisha kuota mizizi. Sare ya harusi ya leo hudaiwa kwa watu ambao baadhi yao hawajapata kuonana, na ambao hawataonana tena taa za ukumbi zikizimwa. Pili, fahari ya mashindano katika ngoma hizo ilikula mali nyingi. Anayetafuta mila katika beni na amepata. Ila na aichukue pamoja na onyo lake.

Kuna na mila nyingine, ya kale kuliko hiyo, ambayo watetezi hawaitaji. Katika karne ya 19, nguo ilikuwa alama ya daraja katika pwani hii. Kaniki nyeusi na merikani isiyotiwa rangi zilikuwa nguo za watumwa na maskini, na aliyezivaa alijulikana kwa mbali. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamefungwa katika nguo hizo waliziacha, wakajifunga kanga zenye rangi na maua. Laura Fair ameandika habari hii kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2001. Kwa wanawake wale, rangi haikuwa pambo tu. Ilikuwa tangazo la kwamba hawatatambuliwa tena kwa unyonge wao. Basi na ipimwe: wajukuu wa wanawake waliochagua kanga ili wasitambuliwe kwa umaskini, leo wanawawekea mama zao rangi ambayo asiyekuwa nayo hutambuliwa kwa umaskini. Ikiwa hiyo ni mila, ni mila ya kaniki, si ya kanga.

Na sehemu kubwa ya desturi ya leo haina asili hata katika pwani. Gauni jeupe la bibi harusi lilipata umaarufu mkubwa baada ya Victoria, malkia wa Uingereza, kuolewa katika gauni jeupe mwaka 1840. Kulinganisha rangi kwa uhalisi wa unywele, hata ikasemwa kuwa kitambaa hiki kimezidi weupe kidogo, hakungaliwezekana kwa watu wengi kabla ya rangi za viwandani. Rangi hizo zilianza mwaka 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipopata kwa bahati rangi ya urujuani alipokuwa akitafuta dawa ya malaria jijini London. Hakuna aibu katika kuchukua kitu cha wengine. Aibu ni kukichukua cha jana, kikaitwa cha mababu, kisha kikatumiwa kumnyamazisha mzee anayewajua mababu wenyewe.

Hoja ya pili ni ya umoja. Husemwa kuwa sare huonyesha kuwa ukoo ni mmoja. Wachezaji wa mpira huvaa sare ili wasipotezane, kwa kuwa uwanjani kuna wapinzani. Mashangazi wa bibi harusi wana mpinzani gani ukumbini? Ndugu wa damu wanahitaji kitambaa cha aina gani ili wajulikane kuwa ni ndugu? Wapo wanaotoa mfano wa shule, wakasema kuwa sare ya shule huficha tajiri na maskini. Mfano huo una ukweli, lakini hauwasaidii. Sare ya shule ni moja kwa wote, huvaliwa kila siku mwaka mzima, na hairithishi rangi mpya kila Jumamosi. Hata hiyo, ilivyo na faida, imepata kumfungia nje mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kuinunua. Ikiwa sare ya mwaka mzima yaweza kumtoa mtoto darasani, sare ya usiku mmoja itashindwaje kumtoa shangazi ukumbini?

Wala tatizo si la Tanzania peke yake. Wayoruba wa Nigeria wana desturi yao ya aso ebi, ambayo kwa jina lake ni nguo ya jamaa. Okechukwu Nwafor, katika kitabu chake cha mwaka 2021, ameonyesha jinsi nguo hiyo ilivyotoka katika mzunguko wa jamaa ikaingia katika mzunguko wa marafiki, biashara na picha. Jina limebaki la jamaa. Kitu chenyewe kimepata mabwana wengine. Msomaji wa Kiswahili hana budi kujiona katika kioo hicho.

Hoja ya tatu ni ya hiari. Husemwa kuwa hakuna anayelazimishwa. Asiyeweza na aje alivyo. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Nguvu haina fimbo tu. Katika makundi ya simu ya kamati, majina ya waliolipa huandikwa yakatiwa alama ya vema, na jina lisilo na alama hubaki wazi mbele ya macho ya watu mia. Kila siku orodha hurudiwa. Hakuna anayesema neno baya, lakini kila mtu anasoma. Katika hali kama hiyo, mtu hukopa, au huuza, au hutunga safari. Ni wangapi waliopata udhuru wa ghafula siku ya harusi, nao udhuru wenyewe ulikuwa mita tatu za kitambaa? Hiari ambayo kuikataa kwake ni fedheha haitofautiani na lazima, ila kwa kuwa lazima husema kweli juu yake yenyewe.

Hoja ya nne ni ya riziki. Husemwa kuwa sare huwapa chakula wauza vitambaa na mafundi cherehani. Riziki ya fundi ni jambo la heshima, na haipasi kudharauliwa. Lakini na aulizwe fundi mwenyewe, aliyepokea magauni 30 ya kitambaa kimoja yanayotakiwa yote kabla ya Ijumaa, kama kazi hiyo ndiyo fahari ya mkono wake. Watu hawataacha kushona nguo mpya za harusi sare ikiondolewa. Watashona kila mmoja kwa kipimo cha mwili wake, kwa wakati wake na kwa uwezo wake, nguo watakayoivaa tena. Fundi atakula, na huenda akalala.

Baada ya hoja nne kujibiwa, lugha yenyewe ina ushahidi wake, na wanafunzi wa Kiswahili wasingekosa kuusikiliza. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazochukua viambishi vya ngeli: kitambaa huwa cheupe, cheusi au chekundu. Rangi nyingine nyingi husemwa kwa kuazima vitu. Kijani ni cha jani, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, na damu ya mzee kila mtu anaijua ilikotoka. Lugha iliyojengwa hivi humwachia mtu nafasi. Jani la mgomba si jani la mwarobaini, na wote wawili waliovaa kijani wamesema kweli. Kamati ya harusi haitaki nafasi hiyo. Huandika katika kadi kuwa rangi ni ya chungwa, kisha hukasirika mtu akija na rangi isiyolingana na picha iliyomo katika simu ya mwenyekiti. Lakini chungwa la Muheza huiva na ganda lake likabaki kijani. Mgeni wa kutoka Tanga akija na nguo ya kijani, ni nani atakayemwambia kuwa hajui chungwa ni nini?

Na zile rangi tatu za asili ya sarufi ndizo hizo hizo za kisutu, kanga ya harusi iliyo mashuhuri katika pwani nzima: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kisutu hakikungojea kamati. Bibi alikuwa nacho, mama alikuwa nacho, na binti alipewa. Hakikuwa cha msimu, kwa hiyo hakikuchakaa kwa kupigwa picha. Aliyekuwa nacho tangu harusi ya dada yake alikuja nacho katika harusi ya mpwa wake, na umri wa nguo ukawa heshima badala ya aibu.

Si haki kumaliza bila ya kukubali lililo zuri. Jicho hupenda mpango. Wasichana wanne waliosimama nyuma ya bibi harusi katika nguo za rangi moja ni kitu cha kupendeza, na hapana dhambi katika kupendeza. Harusi ni siku ya uzuri. Lakini wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na uzuri wa ukumbi ambao nje yake ndugu amekaa akiona haya, ndani yake hamna hata hicho kipande.

Basi dawa ni nini? Ni kanuni moja, fupi, inayoweza kuandikwa juu ya daftari la kila kamati: mchagua rangi ndiye mnunua kitambaa. Wenye harusi wakitaka wasindikizaji wanne wavae rangi moja, na wawavishe hao wanne. Wakitaka mashangazi tisa wafanane, na wawavishe wote tisa, na wa kijijini awe wa kwanza kupimwa. Wasipoweza, na wakubali kuwa macho yao yamepita uwezo wao, jambo ambalo kila mwenye kuoza mtoto hulijua. Kanuni hii haimnyimi tajiri furaha yake. Yamrudishia gharama ya furaha hiyo tu, badala ya kuiweka juu ya kichwa cha mgeni.

Na pale ambapo watu wote wanataka alama moja ya pamoja, kanga ipo. Doti moja ina vipande viwili. Wanawake wawili wanaweza kugawana, na kila mmoja akafunga au akajitanda kipande chake juu ya nguo yoyote aliyokuja nayo. Haihitaji fundi wa wiki ya mwisho. Haichagui mnene wala mwembamba, mrefu wala mfupi. Kesho yake humbeba mtoto, hufunika meza, huenda msibani na sokoni. Ina jina lake lililoandikwa, na jina hilo laweza kuwa dua kwa maharusi. Nguo inayoweza kugawanywa kati ya watu wawili ndiyo nguo inayostahili kuitwa sare.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimtazama mgeni kama dawa ya nyumba. Kamati ya rangi imeugeuza usemi huo ukawa: mgeni lipa, mwenyeji apendeze. Wanafunzi wanaosoma leo katika vyuo vikuu ndio watakaokuwa wenyeviti, makatibu na wahazini wa kamati za kesho. Wengi wao ndio watakaokuwa maharusi. Daftari litakuwa mikononi mwao. Siku shangazi wa tisa atakapofika mlangoni na kanga yake, mshereheshaji akamwita kwa jina la ukoo wake, na mpiga picha akamwomba asogee katikati, siku hiyo harusi itakuwa imetoka sare.